Bia ya Ngano Ilivyopanda Akheri

Tangu nirudi sijashona suruali moja nikaimaliza. Kila anayeingia kibandani, awe ameleta kitambaa au ameleta mdomo tu, swali lake ni lile lile: "Fundi, huko Arusha ilikuwaje?" Nasimulia. Nikifika katikati anaingia mwingine, naanza upya. Sindano imeshanichoma vidole viwili. Basi nimeyaandika yote kwenye daftari hili na kulitundika kwenye msumari karibu na kioo. Anayetaka kujua asome mwenyewe, aniache nishone. Habari za tiketi nimeziruka, hazina utamu.

Kwa wasiotujua hapa Ifunda: marehemu kaka yangu Venansi aliacha mtoto mmoja wa kiume, Zabroni. Kijana alikwenda Arusha kutafuta maisha, akawa dereva wa kuwapeleka watalii mbugani. Huko akampata binti wa Kimeru, mwalimu wa chekechea aitwaye Eliaichi, ambaye kila mtu anamwita Aichi. Akapeleka barua ya posa peke yake, kama mtu anayeomba kazi. Baba wa binti, Mzee Eliudi wa Akheri, akamjibu kwa ufupi: "Hatumwozi binti yetu kwa kijana asiye na watu. Waje watu wake kabla ya mwezi huu kwisha. Wasipokuja tutajua hana, na tusisumbuane tena."

Nikaitisha kikao cha ukoo. Ndugu zangu mnawajua. Wakasema Zabroni alijipeleka Arusha mwenyewe, basi ajiozeshe mwenyewe. Angetaka watu, angeoa Mhehe. Hakuna aliyenyanyuka. Na mimi nilimwahidi kaka Venansi, akiwa kitandani hawezi hata kukaa, kwamba mtoto wake sitamwacha aaibike mbele za watu. Kwa hiyo watu wa Zabroni nikawa mimi, mmoja. Nilipanga kwenda kusema uongo mdogo wa heshima: kwamba wenzangu wamekwama njiani, wanawasalimu sana, na ukoo mzima umebariki. Nikashona na shati jipya jeupe la kuendea kuusema uongo huo.

Ifunda hadi Dodoma

Zawadi yangu ilikuwa dumu la lita ishirini la ulanzi. Huwezi kwenda kuposa mikono mitupu. Mpita njia asiyejua ulanzi aelewe hivi: ni maji ya mianzi michanga, tunayakinga asubuhi na jioni. Siku ya kwanza ni mtamu, unampa mtoto. Siku ya pili unakusalimia. Siku ya tatu unakuangusha. Nilipiga hesabu kwamba nikifika Akheri siku ya tatu, wazee wa Kimeru wataukuta umeiva barabara. Jambo moja tu: ulanzi unachemka safari nzima, kwa hiyo kifuniko cha dumu hakikazwi hata siku moja. Unakiegesha tu, upumue.

Shida ilianza kabla hatujatoka stendi ya Iringa. Konda aliliona povu mdomoni mwa dumu akaruka nyuma.

"Mzee, petroli haipandi kwenye basi langu!"

"Petroli gani inatoa povu? Nusa."

Akanusa. Akanusa tena. "Hii ya kwako yote?" akauliza, sauti imeshapoa. Nikamwambia ni ya wakwe, na mkono wake ukiligusa dumu hilo nitaushona kwenye siti.

Mtera tukala samaki wa kukaanga na ugali. Mama aliyekuwa akiuza alikataa kabisa kuniondolea mifupa, akasema mwanaume mzima anayeogopa mfupa wa samaki atamlindaje mke. Nikamjibu siendi kuoa, naenda kuposea. "Ndiyo vibaya zaidi," akasema, akaniongezea kipande. Jioni tukaingia Dodoma. Chumba cha wageni nilicholala kilikuwa na kitanda kimoja, ndoo moja na mimi na dumu. Lilitoa pumzi usiku kucha, na mimi nililala kama mtoto.

Dodoma hadi Bereku

Asubuhi nikapanda basi jingine. Jirani yangu akawa Mzee Ramadhani, mfanyabiashara wa vitunguu anayekaa Arusha miaka mingi lakini kwao Kondoa. Mtu safi kweli kweli: kanzu nyeupe imepigwa pasi, kofia iliyodariziwa kwa mkono, mafuta ya waridi. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia kwa upole, na kabla ya saa moja kupita tulikuwa tumeshajuana watoto na maradhi. Akanisifia mshono wa shati langu jipya lililokuwa limekunjwa mapajani. Dumu nililiweka chini, katikati ya miguu yetu. Akauliza ni nini. Nikasema ni dawa ya ukoo. Mungu anisamehe.

Mvua ilikuwa imeichana ile barabara. Basi linaruka, linatua, linaruka. Dumu likawa linamwagika kidogo kidogo, na abiria wakaanza kulalamika harufu. Kondoa tukashuka kula. Tulikula ugali wa uwele na mlenda, mlenda laini unaoteleza wenyewe mpaka tumboni, na nikala mara mbili kwa sababu Mzee Ramadhani alilipa kwa lazima, hapa ni kwao, asingekubali mgeni wake atoe kitu. Wakati sisi tunakula, konda wa basi hili, ambaye hakuwa yule wa Iringa aliyenusa, aliamua kusaidia. Akaona kifuniko kimelegea. Akakikaza. Akakikaza na kipande cha nailoni juu, kijana wa watu, kwa nguvu zake zote.

Mimi sikutazama. Hilo ndilo kosa langu, na silisingizii kwa mtu.

Kule kwenye kona za Bereku basi lilipiga shimo moja, na dumu likalipuka. Jamani! Nimesikia baruti za wachimba mawe; hazifiki. Kifuniko kiligonga dari, na ulanzi ukapanda kama bomba lililopasuka, ukashuka juu ya watu. Akina mama wakapiga kelele tumepigwa risasi. Dereva akakanyaga breki, na kwenye tope lile breki ikatupeleka moja kwa moja mtaroni, tukakaa upande kama kuku anayeatamia. Hakuna aliyeumia. Lakini Mzee Ramadhani! Kanzu, kofia, ndevu, vyote vinachuruzika ulanzi wa siku mbili.

Akajipangusa macho kwa kiganja. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Halafu akageuka, tone linaning'inia kwenye pua yake.

"Fundi," akasema, "mimi nina miaka sitini na tisa, sijawahi kuionja. Leo nimeoga."

Basi zima likaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi nikalia. Sioni haya kusema. Ile pombe aliikinga shemeji yangu, mke wa marehemu Venansi, kwa mikono yake, ndiye peke yake aliyenisaidia. Nikamvua mzee wa watu kanzu, nikamvisha lile shati langu jipya, na kanzu tukaenda kuisuuza kijitoni. Likamkaa vizuri kuliko lilivyonikaa mimi. Tukalala hapo hapo barabarani mpaka lilipokuja lori kutuvuta.

Bereku hadi Olasiti

Tukafika Arusha tumechelewa siku nzima. Mzee Ramadhani alitaka kunirudishia shati. Nikakataa. Akanitafutia mtu wa kunifikisha Olasiti, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema nitakuwa kwenye dua zake, mimi na huyo kijana. Hakusema neno hata moja juu ya dawa ya ukoo. Huyo ni muungwana.

Zabroni anaishi Olasiti, chumba na sebule, mgomba mmoja mlangoni na Mlima Meru juu ya paa. Aliponiona aliniangalia, kisha akaangalia nyuma yangu.

"Baba mdogo, shikamoo. Wengine wako wapi?"

"Marahaba. Wako hapa," nikasema, nikajipiga kifua.

Kijana akameza mate. Ana sura ya baba yake, na anameza mate kama baba yake alivyokuwa akimeza ili asilie. Akanipikia chai ya maziwa na chapati, akanisikiliza habari ya dumu mpaka mwisho. Safari ya Akheri ikabidi iwe kesho yake, na mwezi ulikuwa unakwisha. Ulanzi Arusha haupatikani. Nikasema tununue mbege tu, pombe ya ndizi na ulezi, imejaa kila kona.

"Baba mdogo, tuwapelekee Wameru pombe ya ndizi ya kununua? Ni sawa na mtu akuletee wewe suruali ya mtumba." Akasogea karibu. "Mimi najua cha kuwapelekea. Tuwapelekee bia ambayo hakuna mtu Akheri amewahi kuiona."

Dukani, mjini

Wenzangu wa umri wangu mnakumbuka. Si miaka mingi iliyopita bia ya kawaida ilikuwa kwa foleni, na hata ukiipata unaangalia nani amekuona. Sasa siku hizi za ruksa ingieni maduka ya Arusha mjionee: makopo, chupa ndefu, chupa fupi, za kijani, za kahawia, kutoka nchi ambazo nyingine nilizisoma shuleni tu. Duka alilonipeleka Zabroni ni la Kalasinga mmoja mzee, kilemba cha bluu, babu yake alikuja na reli. Kiswahili chake cha Arusha kabisa.

Zabroni akaomba ile bia ya ngano ya Ujerumani, ambayo watalii wake humwagiza awatafutie. Mzee akainua chupa kubwa ya nusu lita. Nikaishika kwenye mwanga. Ndani kuna ukungu, kama uji.

"Imeharibika hii!" nikasema.

"Haijaharibika, mzee mwenzangu. Inakaa hivyo. Inapikwa kijijini, kiwanda kidogo, familia moja toka zamani."

"Bei?"

Akataja. Nikamwomba arudie. Kwa bei ya chupa moja ya uji ule ningepata nusu kreti ya bia yetu, angavu mpaka unaona upande wa pili. Damu ikanipanda. Nikamwambia Zabroni nje ya mlango, kwa sauti ambayo nadhani mtaa wote uliisikia, kwamba baba yake alichimba ardhi kwa vidole kumsomesha, na sasa anataka kumwaga akiba yake kwenye maji ya ngano yaliyochafuka. Bia ni bia! Ukiamka asubuhi zote ni mkojo tu.

Hakunijibu kwa hasira. Akasema, "Baba mdogo, wao walisema sina watu. Watu siwezi kununua. Nikipeleka kitu cha bei ya chini watasema na mali pia hana. Hii wakiiona watajua namthamini binti yao."

Tukarudi ndani. Nikamwuliza yule Kalasinga kwa haki ya Mungu, yeye mwenyewe akifunga duka anakunywa hiyo? Akatikisa kilemba. "Mimi nauza. Nakunywa ya hapa hapa." Akatufungia kreti zima, chupa ishirini, na akatupunguzia kidogo aliposikia ni ya posa.

Kijenge hadi Akheri

Bosi wa Zabroni alimwazima gari la watalii. Tukapita Kijenge, ambako Aichi amepanga chumba karibu na shule anayofundisha. Ni binti mrefu, ana mwanya, anacheka kwa mabega. Akapiga goti kunisalimia, na pale pale nikaelewa kwa nini Zabroni amepoteza usingizi. Hakutakiwa kuonekana anakuja na waposaji, kwa hiyo alikuwa anatangulia mwenyewe. Akaninong'oneza madokezo mawili matatu: nisikae mpaka nikaribishwe, nisitaje ng'ombe kabla yao, na baba yake ni mkali lakini anamwogopa bibi, mama yake mzazi. Akaona kitu kimefunikwa blanketi nyuma ya gari, akatabasamu. "Na mtungi mmekumbuka. Vizuri sana." Alidhani ni mtungi. Mimi nikadhani anasema pombe kwa ujumla. Laiti angelifunua lile blanketi!

Baada ya Tengeru barabara inaacha lami na kuanza kupanda kwenye migomba na kahawa. Udongo mweusi, mvua imekesha. Gari lile linalopita mbugani na simba likashindwa na kilima cha Akheri. Likateleza, likageuka, likatazama tulikotoka. Tukaliacha hapo, Zabroni akajitwisha kreti na blanketi lake kichwani, mimi nikashika nyuma. Maji yanapita mferejini pembeni, baridi ya mlima, watu wanatoka mashambani kututazama na kutupa pole. Bibi mmoja akatupa ndizi mbivu mbili kila mtu. Ndicho chakula pekee nilichokuwa nacho tumboni siku ile, na kumbukeni hilo, msije mkasema Fundi siku hizi hawezi pombe.

Akheri

Walikuwa wengi. Uani kwa Mzee Eliudi upande mmoja walikaa watu wao, kama ishirini hivi, wazee kwa bibi, makoti na vitenge. Upande wa pili benchi refu la wageni. Refu sana. Nikakaa mimi na Zabroni, na benchi likabaki tupu mpaka mwisho. Nilimwona Mzee Eliudi akilitazama lile benchi.

Aliyeongoza shughuli ni babu mdogo wa Aichi, Babu Anaeli, mzee mfupi mwenye koti la jeshi na macho ya utundu. Baada ya salamu akauliza kama tumekuja na chochote cha kulainisha koo. Zabroni akafunua blanketi. Watu wakainuka kidogo kuchungulia. Chupa ishirini za Ujerumani, lebo za dhahabu! Nilimwona kijana akivimba kwa fahari.

Babu Anaeli akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena.

"Vyombo ishirini," akasema.

"Ndiyo, babu."

"Nani mleta pombe?"

"Mimi," nikasema.

"Kwetu mleta pombe huonja mbele ya watu, ndipo wenye nyumba wanywe. Tunajua haina kitu kibaya. Kibuyu kimoja, anamaliza."

"Hata kwetu ni hivyo hivyo," nikasema kwa furaha. "Dumu moja, unaonja mara moja."

"Sasa wewe umeleta ishirini," akasema Babu Anaeli.

Nikacheka. Nikaona nacheka peke yangu. Zabroni akajaribu: chupa hizi zimefungwa kiwandani, babu, hakuna mtu anaweza kutia kitu.

"Wewe ulikuwepo wakizifunga?"

"Hapana."

"Haya."

Nikaomba basi zimiminwe zote kwenye chungu kimoja, nionje hicho. Babu akanitazama kwa huruma. "Chungu ni chetu. Wewe utatuonjea chungu chetu?" Wazee wakakubaliana naye kwa kichwa, na kweli, hata mimi niliona ana hoja. Dirishani nikamwona Aichi ameshika mdomo kwa viganja viwili.

Chupa ya kwanza, baada ya kutikiswa kichwani kilima kizima, ilifumka ikamwosha Zabroni. Iliyobaki nikamiminiwa kwenye kibuyu kidogo cha kunywea, kinachukua kama kikombe kikubwa cha chai. Nikanywa. Jamani, niseme ukweli wa Mungu: ni nzuri. Laini, nzito, ina utamu nyuma ya ulimi. Nikampa Babu Anaeli akanywa, akatafunatafuna midomo.

"Hii ni ndizi," akasema.

"Ni ngano, babu," Zabroni akasema. "Wameandika hapa."

"Mwacheni mama anuse," Babu akasema. Chupa ikapelekwa kwa bibi mzaa baba wa Aichi, mpishi wa mbege wa kijiji chote. Akanusa, akaonja, akafumba macho. "Ndizi mbivu hii," akasema. "Amepika mtu anayejua kazi. Ila hakutia ulezi." Akauliza bei. Zabroni akaitaja kwa majivuno kidogo. "Masikini," akasema bibi, "kumbe huko kwao ndizi ni za shida hivyo." Akaagiza mbege yake iletwe, nikanywa na hiyo kwa heshima, na nikiwa na zote mbili mdomoni naapa zilikuwa ndugu wa baba mmoja. Mnaoniuliza kama ile bia ina thamani ya hela yake, nimewajibu: ukikaa Akheri, hapana. Ukikaa Ujerumani ambako mgomba haukui, lipa tu, utafanyaje.

Lakini zilibaki kumi na tisa. Ya pili, ya tatu, ya nne. Kila moja nafunguliwa, namaliza kibuyu, inapelekwa kwa wazee, nafunguliwa nyingine. Ya tano nikamwita Babu Anaeli rafiki yangu. Ya sita mlima ukasogea karibu. Ya saba nikampima Mzee Eliudi mabega kwa macho nikamwambia koti lake limekatwa vibaya, aliyemshonea alikuwa mwizi. Zabroni alinifinya. Watu walicheka, lakini Mzee Eliudi hakucheka. Alikuwa bado analitazama lile benchi.

Nilipomaliza kibuyu cha tisa akasema, "Fundi. Watu wengine wa kijana wako wapi?"

Nilikuwa na jibu langu, mnalijua. Nilikuja nalo toka Ifunda. Wamekwama njiani, wanawasalimu sana. Nikafungua mdomo kulisema, na halikuwepo. Nikamwona kaka Venansi tu.

"Hawapo," nikasema. "Hawakukwama. Walikataa. Ndugu zangu walikataa kuja, wote. Pombe ya kwetu niliileta, aliikinga mama yake huyu kijana, ikamwagika Bereku. Hizi chupa amezinunua mwenyewe kwa sababu mlimwambia hana watu, akaona aibu. Sikutumwa na ukoo. Nimejituma. Nilimwahidi baba yake. Nilikuja kuwadanganya, na hata hilo nimelishindwa."

Nikaanza kulia, mtu mzima, mbele ya wakwe. Zabroni alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kinagusa magoti. Dirishani hakukuwa na mtu tena.

Mzee Eliudi akashusha pumzi. Hakukasirika, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. "Basi ni kama tulivyosema," akasema taratibu. "Kijana hana watu."

"Ana mimi!" nikasema.

"Mmoja si watu, Fundi. Siku wakigombana, binti yangu ataenda kwa nani? Siku wewe ukifa?"

Ni swali la baba, na lina haki. Nikanyoosha mkono nikachukua chupa ya kumi, kwa sababu kazi niliyopewa nilikuwa sijaimaliza. Babu Anaeli akanipokonya.

"Umechoka," akasema. Akavuka ua, koti la jeshi linaburuta, akaja akakaa kwenye benchi letu, ubavuni kwangu. Akajimiminia kibuyu, akakimaliza, akapangusa midomo. "Mleta pombe ndiye huonja. Mimi nimeonja. Kwa hiyo nimekuja na huyu Mhehe. Njia mbaya, mvua nyingi, lakini tumefika salama. Tuko wawili."

"Baba mdogo, acha mchezo," Mzee Eliudi akasema.

"Sichezi. Hiyo ya kumi na moja inamngoja nani?"

Bibi akainuka. Alichukua muda, magoti yake yanasumbua, na hakuna aliyethubutu kumsaidia wala kumzuia. Akavuka. Akamsukuma Zabroni kwa kiwiko ili apate nafasi, akanyoosha mkono, akapewa kibuyu chake. Akanywa mpaka mwisho. "Sogeeni," akasema, "wenzetu wanakuja." Na wakaja kweli. Shangazi mmoja, kisha mwingine, kisha mzee mwenye fimbo, na kila mmoja anafunguliwa chupa, anaonja, anakaa; chupa zilipokwisha, waliobaki wakaonja kwenye kibuyu cha jirani. Benchi likajaa, wengine wakachuchumaa chini mbele yetu. Zabroni alikuwa katikati yao, bibi amemshika mkono, analia na kucheka, hajui aanze na kipi.

Upande wa pili akabaki Mzee Eliudi na mzee mmoja wa kanisa mwenye soda yake.

Mzee Eliudi akatutazama, mmoja mmoja, kuanzia mwisho wa benchi. Alipofika kwa mama yake mzazi macho yakakwama hapo. Kisha akakaa sawa kwenye kiti, akafunga vifungo vya lile koti lake baya, na akaweka mikono magotini kama inavyompasa mwenye nyumba.

"Karibuni, wageni," akasema. "Haya, semeni kilichowaleta."